Upepo wa Pamba Kavu

Mfuko wa koti lake haukukaa kalamu wala miwani. Ulikaa bua la mtama, kavu, lililokatwa ncha zote mbili kwa kisu, na ole wako uliguse. Ukimwona Fundi amechuchumaa nyuma ya lori, amelisimamisha lile bua kati ya ekseli na chesesi kupima kimo cha lori, jicho moja amelifumba, ujue ndiyo saa ya kunyamaza. Mimi nilikuwa dereva wa lori hilo, na sehemu kubwa ya udereva wangu ilikuwa kunyamaza kando ya bua.

Alikotoka sikujua. Wengine walisema Meatu, upande wa Kimali, wengine walisema ni mtu wa Mwamanyili aliyepotelea huku. Tulimwita Fundi, na mkewe alimwita hivyo hivyo. Gereji ya chama chetu cha ushirika pale Bariadi ilikuwa na mafundi wengine pia, lakini hao walikuwa na majina.

Namweleza kwa sababu siku hizi anaelezwa kwa maneno machache tu: yule fundi aliyelilaza lori la chama. Nimeyasikia msibani, nimeyasikia kilabuni, nimeyasikia nje ya kanisa watu wakingoja kengele. Wanaoyasema ni wale wale waliokuwa wamekaa juu ya magunia siku hiyo, na watoto wao waliolishwa habari hiyo pamoja na ugali. Yananiuma kila mara, wala sitaki kujifanya hayaniumi.

Hakuwa mtu mwema wa kusifiwa kwenye mazishi. Alikuwa mkali, mwenye majivuno, na spana zake alizificha hata kwa mafundi wenzake. Ukiazima namba kumi na saba, anakuuliza unakwenda kuifungulia nini, unamweleza, halafu anakwenda kufungua mwenyewe na kukusema njia nzima. Lakini chakula chake kilikuwa cha kila mtu. Mkewe alimfungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa kila asubuhi, na kufika saa nne kitambaa kilikuwa kitupu, yeye hajala hata kipande.

Salamu zake nazo zilikuwa kazi. Akiwa chini ya gari haitiki, hata uwe padri. Unasalimu, unarudia, unaona miguu tu. Akishamaliza anatoka, ananawa kwa mafuta ya taa na mchanga, anavaa koti lake la chama lililopauka, kisha anakufuata uliko: "Mwangaluka, nyanda." Hiyo ni salamu ya asubuhi, ya kumwamkia kijana, na huenda jua limekwisha kuelekea kuzama. Kwake siku ilianza alipotoka chini ya gari. Hapo sasa atakuuliza habari za mji, za mama, za watoto, za ng'ombe, za mvua, na usipojibu zote ananuna.

Na alikuwa mwongo. Kidole chake cha shahada, mkono wa kushoto, kilikatika kwenye kiungo cha juu. Mimi aliniambia kiling'atwa na fisi. Mke wangu aliambiwa ni feni ya trekta. Padri, ambaye alimpenda Fundi kwa sauti yake nzito kwenye kwaya, aliambiwa kilibaki vitani. Siku moja tulikutana wote watatu mbele yake, na hakuona haya hata kidogo. Alisema kidole kilikuwa kirefu, kila mmoja wetu amepewa kipande chake.

Katika habari za upepo wa lori tu ndipo hakusema uongo. Upepo, alisema, huwezi kuubembeleza. Upo au haupo. Akifunga bomba lazima apake kila kiungo povu la sabuni ya mche, kisha anakaa akilikodolea macho. Kipovu kimoja kikivimba anafungua yote na kuanza upya. Halafu analiacha lori limesimama hadi kesho yake, na asubuhi kabla ya chai anakwenda na bua. Bua likiingia vile vile, hakuna panapovuja. Likikataa, kuna mahali panavuja, na siku hiyo hatuendi popote, awe amekuja nani.

Lori lenyewe lililetwa mtumba kutoka ng'ambo, wakati wa ruksa, milango ilipofunguliwa na kila kitu kikawa kinaingia, nguo, redio, malori. Nyuma halikuwa na springi za chuma tulizozizoea. Lilikaa juu ya mipira minene iliyojazwa upepo, na upepo huo ulisukumwa na kompresa iliyozungushwa na injini. Kompresa ikifa, mipira inanywea na lori linalala juu ya ekseli kama ng'ombe aliyegoma. Ikafa. Spea yake haikupatikana Bariadi wala Mwanza, na huko Dar es Salaam waliuliza kwanza hilo ni lori la aina gani.

Mlango ule ule ulioleta lori ulileta wanunuzi binafsi. Zamani pamba yote ilikuja kwetu, na karani aliichambua kwa mkono: hii safi, hii fifi. Wanunuzi walining'iniza mizani kwenye miti kando ya barabara ya Dutwa, hawakuuliza ipi safi ipi fifi, wakapima na kubeba. Mkulima akajifunza haraka. Mizani isiyouliza, unainywesha. Jioni pamba ilinyunyiziwa maji, wengine wakatia na mchanga katikati ya gunia, na asubuhi wakaenda kuuza huku wakichekana. Waliita akili. Na kwa kuwa wanunuzi nao mizani yao ilikuwa na mambo yake, hakuna aliyeona dhambi.

Chama kikabakiwa na wanachama wa Dutwa na vijiji vya jirani, na lori hilo moja lililolala. Mkutano ulikubaliana mbele ya wote. Fundi akiweza kulisimamisha, na lori likasomba pamba yetu hadi jineri, yaani kiwanda cha kuchambulia, wanachama wanabaki na chama na gereji inabaki. Asipoweza, lori linauzwa, na kila mtu apeleke pamba yake kwa wanunuzi. Baada ya mkutano Fundi alinishika bega, akaniambia niache kutafuta kazi ya basi kwanza. Nilikuwa nimeshaanza kuitafuta, na sijui nani alimwambia.

Alichukua kompresa kwenye basi bovu lililokuwa limeota majani nyuma ya gereji. Haikulingana na injini yetu hata kwa tundu moja. Akatengeneza kikalio cha chuma, akakitia vipande vya tairi kuukuu chini ili kompresa isitikisike, akakaa wiki nzima akihangaika na mkanda wake, maana mkanda ukikaa upande kidogo tu unajila. Kijana mmoja alileta mashine ya kuchomelea akitaka kumaliza kazi haraka. Fundi alimfukuza na spana mkononi. Chesesi haichomelewi, alisema, inatobolewa kwa adabu. Tulitoboa kwa drili ya mkono, tukipokezana, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Bomba la kuvutia hewa alilipandisha juu nyuma ya kichwa cha lori, mbali na vumbi la barabara, akalifunga kitambaa cha kuzuia nyuzi za pamba zinazoelea kule jineri.

Kisha akatukasirisha sote. Lori lilikuwa linaweza kuondoka, wanachama wanangoja, wanunuzi wanapita na mizani zao kila siku, naye akasema bado. Alitaka mtungi wa pili wa upepo. Wenzake walimwonyesha kwamba mtungi mmoja ulitosha kwa breki na kwa mipira. Akajibu kwamba upepo wa kubebea mzigo usilale chungu kimoja na upepo wa breki. Mipira ikipasuka itaunywa na upepo wa breki pia, na hapo mtamwita nani. Mwenyekiti wa chama alikuja mwenyewe kutoka Dutwa, mzee wa heshima, mwenye shamba kubwa kuliko wote, akamwambia anatuchelewesha. Fundi alikuwa chini ya gari. Hakuitika.

Alipomaliza tulijaribu kwa pamba kavu iliyokuwa ghalani. Tulipakia mpaka juu, akafungua koki ya upepo kidogo kidogo, bua likasimama sawasawa, na pale mshale wa geji ulipofika akaweka alama nyekundu kwa rangi ya kucha ya binti yake. Hiyo ndiyo pamba kavu, alisema, gari limejaa. Mshale usivuke hapo. Ukivuka, kompresa haitapata nafasi ya kupumzika, na kompresa isiyopumzika inaungua. Aliweka pia vali ya kutoa upepo uliozidi. Siku hiyo aliimba mchana kutwa sauti ya chini ya wimbo wa kwaya, bila zile sauti nyingine tatu, na kwa mtu asiyeujua wimbo ilikuwa mateso.

Dutwa walichinja mbuzi. Fundi alipewa kidari, nyama ya mtu anayeheshimiwa, na akakila mbele yao wote, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Wazee walimwambia wabeja sana, yaani asante, akina mama wakamshangilia. Naamini zile ndizo saa za furaha alizopata katika maisha niliyomjua. Kwa hiyo nikikumbuka kilichofuata nashikwa na hasira upya.

Tulianza kupakia. Magunia hayakuwa yamefika ukingo wa bodi, na bua likawa haliingii. Nikafungua koki. Mshale ukapanda, ukaikaribia rangi nyekundu, ukaivuka, na vali ikaanza kupiga kelele ya kutoa upepo. Bua bado halikuingia. Fundi aliliangalia, akaangalia magunia, akaniangalia mimi. Kisha akamwendea Mwenyekiti, akavua kofia, akainama kidogo.

"Bhabha," alisema, "siulizi ili nimseme mtu. Nataka kujua upepo wa kujaza. Nijaze wa pamba kavu au wa pamba ya maji? Kama ni ya maji tunapakia nusu, nusu nyingine tunaifuata kesho."

Mwenyekiti hakukasirika. Alicheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa na mtoto.

"Pamba ya maji ni ya wale wa mizani za mitini," alijibu. "Hii ni ya chama, Fundi. Chama ni sisi. Nani anajiibia?"

Nilimvuta Fundi kando nikamwambia tufungue gunia moja tu. Akakataa. Aliniambia kwamba ukifungua gunia la mwenzako mbele ya watu umeshamwita mwizi, hata ukilikuta kavu, na neno hilo halifutiki. Yeye alikuwa mtu wa ushirika toka ujana wake. Katika miaka yote hiyo alijua watu wa kumwibia mnunuzi, wa kuiibia serikali, wa kumwibia ndugu yao. Wa kuliibia lori lake mwenyewe hakumjua. Akarudi kwenye geji, akaigonga kioo kwa kile kidole kifupi.

"Kweli," akasema. "Mtu hajiibii. Labda geji yangu imezeeka."

Akaikaza ile vali isitoe upepo, akajaza mpaka bua likaingia. Hilo ndilo kosa lake, na sijui lingine. Mtu aliyefungua bomba lote kwa sababu ya kipovu kimoja cha sabuni aliacha kuliamini bua lake akawaamini majirani.

Tuliondoka, yeye kando yangu, Mwenyekiti na wanachama wengine juu ya magunia wakiimba. Kompresa haikunyamaza hata mara moja. Kila tuta mipira ilinywea, na kompresa ikajitahidi kuijaza. Fundi aliinamisha kichwa kusikiliza, na sikuthubutu kumsemesha. Kabla ya kuteremka korongoni nilisikia harufu ya mafuta yaliyoungua. Nikapunguza mwendo. Katikati ya mteremko kompresa ikakamata, mkanda ukakatika, na mpira wa kulia ukapasuka. Nyuma ya lori ikashuka yote kwa mkupuo. Nilikanyaga breki, nazo zikashika, kwa sababu upepo wake ulikuwa kwenye mtungi wake, umejaa tele.

Lori lilisimama limelala, limekaa juu ya ekseli, na hapo chini lilikuwapo daraja lisilo na kingo. Waliokuwa juu waliteremka kwa miguu yao. Hakuna aliyechubuka. Hakuna aliyesema asante kwa mtungi wa pili pia.

Ilibidi kuteremsha mzigo. Gunia la kwanza lilipotua, chini yake udongo ukawa mweusi. La pili vivyo hivyo. La tatu lilipasuka, mchanga ukamwagika katikati ya pamba nyeupe. Wote tulikuwa pale, jua linawaka, hakuna cha kuficha. Niliwatazama. Walitazama korongo, walitazama matairi, mmoja akaanza kufunga vizuri kamba za viatu vyake vya matairi ambavyo havina kamba. Fundi hakuitazama pamba. Aliingia chini ya lori, na safari hii niliona miguu tu, haifanyi kazi yoyote.

Mkutano ulifanyika ghalani. Walizungumza habari za kompresa toka mwanzo hadi mwisho. Kwamba ilitoka kwenye basi bovu. Kwamba kitu cha gari lililokufa hakina baraka. Kwamba Fundi alikaza vali kwa mkono wake, watu waliona. Nikasimama nikasema lori lile lilibeba maji na mchanga, na aliyetia maji na mchanga yumo humu ndani. Mwenyekiti aliniambia dereva huulizwa habari za usukani. Wakacheka, kicheko cha watu waliopata mahali pa kupumulia, na mimi nikabaki nimesimama.

Wakamwita Fundi aseme. Alisimama na koti lake. "Kompresa niliifunga mimi," alisema, akakaa.

Tulipotoka nilimgombeza. Nilimwita majina ambayo humwiti mtu aliyekuzidi umri. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema bua lilimwambia kweli, akaliacha, akawasikiliza watu. Sasa amlaumu nani? Niliona ni ujinga. Hadi leo naona ni ujinga, ila ni ujinga wa mtu aliyewapenda wale watu, na wao hawakuwa na habari.

Lori lilinunuliwa na mmoja wa wale wa mizani za mitini. Kitu cha kwanza alitoa mipira yote akafunga springi za chuma, ambazo haziulizi kama pamba ni kavu au imelowa. Msimu uliofuata nililiona Dutwa likipakia pamba ya wanachama wale wale, bei anayotaka yeye, na wao wakilisukuma likikwama. Gereji ilifungwa, mabati yakang'olewa. Mimi nikaenda kwenye mabasi, na Fundi nikapotezana naye.

Nilimwona tena mwaka huu. Nimestaafu udereva, nilikuwa natembea Bariadi wakati wa msimu wa pamba, karibu na mahali wanapopimia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya turubai, na pampu ya mguu mbele yake, anajaza upepo baiskeli. Amekonda. Koti ni lile lile, maandishi ya chama yamekwisha kabisa. Pembe ya turubai ilikuwa imekandamizwa na kitu cheusi chenye kutu, nami nilikijua kabla sijainama: ile kompresa yetu iliyoungua. Nilimsalimu. Hakuitika. Alikuwa na mguu juu ya pampu.

Alipomaliza na mteja aliyekuwa naye, akafuta mikono, akasema, "Mwangaluka, nyanda." Nina wajukuu. Ilikuwa jioni. Nilikaa chini kando yake akaniuliza habari zote, za mama aliyekwisha kufa, za ng'ombe nisio nao, na nikajibu zote.

Tukiwa hapo akaja mzee anayekokota baiskeli, gunia la pamba nyuma, gurudumu limeshuka. Alikuwa Mwenyekiti. Macho yake yameingia ukungu, na hakumtambua mtu mpaka Fundi alipomwamkia. Hapo akasimama tu ameshika usukani. Nilikuwa na maneno niliyoyaweka miaka yote hiyo kwa ajili yake, nayo yakanijaa kinywani.

Fundi alinitangulia. Aliminya gurudumu kwa dole gumba, akalitazama gunia, akavua kofia kama siku ile.

"Bhabha, nijaze wa pamba kavu au wa pamba ya maji?"

Watu walipita na baiskeli zao, hakuna aliyetujali. Kisha Mwenyekiti akasema kwa sauti ndogo, akitazama chini:

"Ya maji, Fundi."

Nilimgeukia Fundi nikidhani ataniangalia. Hakuniangalia. Aliinuka, akaweka mguu kwenye pampu, akajaza mpaka gurudumu likawa gumu kabisa. Akaliminya tena. Akampa mzee usukani wake, akamwonya apite polepole kwenye mawe, na yule mzee akaikokota baiskeli kwenda kwenye mizani.